Maswali ya wasomaji: Redio ikivuka mpaka, tumwambie nani?

Barua za mwezi huu kutoka Unguja na Pemba nyingi zinalalamikia kinachosikika redioni, kinachoonekana kwenye televisheni na kinachopita kwenye simu. Tumechagua zile zinazogusa watu wengi. Majina ya walioandika tumeyaweka kando, kwa kuwa baadhi yao wanalalamikia vituo vya mtaani kwao.

"Asiyetaka si azime?"

*Assalaam alaykum. Wanafunzi wangu walifanya mdahalo kuhusu vyombo vya habari. Upande mmoja ulisema maudhui yasidhibitiwe kabisa: mtu mzima ana kidole chake, asiyependa anazima. Upande wa pili ulikosa jibu. Niwape hoja gani? Mwalimu, Chake Chake.*

Waalaykumu salaam, Mwalimu. Hoja ya kidole ina nguvu pale tu ambapo anayedhurika ndiye huyo huyo anayesikiliza. Nyimbo usizozipenda, mwanasiasa anayekukera, mawaidha usiyokubaliana nayo: hapo kweli zima, na Serikali isijitie. Lakini mchukue mtoto aliyefanyiwa ukatili, jina lake likasomwa kwenye taarifa ya habari ya saa 2 usiku. Yeye azime nini? Hata kama kwao hakuna redio, kesho skuli nzima inajua. Au mtuhumiwa aliyeitwa "mwizi" hewani kabla hajapandishwa kizimbani. Au kaya iliyotajwa kuwa ni ya wachawi. Wote hawa madhara yanawafikia kupitia masikio ya watu wengine. Wape wanafunzi swali moja la kuuliza kila mfano unapoletwa: anayeumia, swichi iko mkononi mwake?

Mfano mzito kuliko yote uko jirani, na kesi yake ilisikilizwa Arusha. Redio RTLM ya Rwanda ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Ilipendwa: muziki mzuri, watangazaji wachangamfu, wasikilizaji wanapiga simu. Ndani ya uchangamfu huo ikapandwa chuki dhidi ya Watutsi, na mauaji yalipoanza Aprili 1994 redio ile ikawa inataja watu kwa majina na mahali walipo. Aliyetajwa, kuzima redio yake kusingemsaidia kitu. Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa, lakini wote watatu walibaki na vifungo vya miaka 30 au zaidi.

Kuna kipande cha habari hii ambacho kwa kawaida hurukwa. Msimamizi alikuwepo. Waziri wa Habari wa Rwanda, Faustin Rucogoza, aliwaita wakuu wa redio hiyo Novemba 1993 na tena Februari 1994, akawaonya. Hawakujali, kwa sababu waliokuwa nyuma yao walikuwa na nguvu kuliko yeye. Aliuawa siku za mwanzo kabisa za mauaji. Kwa hiyo mdahalo usiishie kwenye "tuwe na sheria au tusiwe nayo". Sheria ambayo msimamizi wake hana pa kushika haimkingi mtu.

Ukitaka mfano usio wa vita, nenda Vienna, Austria. Treni ya chini ya ardhi ilifunguliwa huko 1978. Katikati ya miaka ya 1980 magazeti yakawa yanaandika kwa mbwembwe habari za watu waliojiua humo, na visa vikaongezeka. Mwaka 1987 wataalamu wakawapa wahariri mwongozo: habari isipambe ukurasa wa mbele, namna ya kujiua isielezwe, marehemu asifanywe shujaa. Visa vilishuka kwa kiasi kikubwa ndani ya mwaka huo huo. Hakuna gazeti lililofungwa. Wahariri walikubaliana wenyewe. Upande ule uliosema Serikali isiingilie unaweza kuuchukua mfano huu na ukapata alama zake, ni haki yao.

Na anayedhibiti?

*Nimeishi vya kutosha kuona gazeti likifungwa kwa sababu lilisomwa sana. Mnaposema "kulinda umma", nani anaamua umma ni nani? Mzee, Mji Mkongwe.*

Mzee wetu, shikamoo. Wasiwasi wako una msingi. Novemba 2003 gazeti la Dira lilifungiwa hapa Zanzibar, na wengi bado wanalikumbuka. Sheria ya magazeti Nam. 5 ya 1988 ilimpa waziri uwezo wa kusitisha gazeti kwa maslahi ya umma, na neno "maslahi ya umma" ni pana kama uwanja wa Maisara. Ukiliacha hivyo lilivyo, kila mwenye cheo anaweza kuegesha humo.

Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 18, inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni na kupata habari, na kifungu cha 24 kinaruhusu mipaka. Swali ni mipaka ya aina gani. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kesi dhidi ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Sheria hiyo ni ya Bara, haituhusu moja kwa moja, lakini kipimo kinatufaa. Je, katazo limeandikwa kwa maneno ambayo mhariri anaweza kuyaelewa kabla hajachapisha? Lina lengo halali? Na ukubwa wake unalingana na madhara yanayozuiwa? Mahakama iliona vifungu kadhaa vya sheria ile vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Jaribu mwenyewe. "Usitaje jina la mtoto aliyebakwa" linapita maswali yote matatu. "Usitangaze habari za kuudhi" linaanguka kwenye la kwanza: za kumuudhi nani?

Sisi tungeongeza mambo mawili. Anayetoa adhabu asiwe yule aliyeandikwa vibaya. Na adhabu ipande ngazi: onyo la maandishi, kusahihisha hewani saa ile ile ya kosa, faini, kusimamisha kipindi, na kufunga kituo kiwe mwisho wa safari, tena kwa muda unaojulikana na kwa haki ya rufaa. Kufunga kituo kizima kwa ulimi wa mtangazaji mmoja kunamwadhibu hata mvuvi wa Kojani aliyekuwa akingoja taarifa ya upepo.

Matusi ndani ya daladala

*Kila asubuhi nikiwapeleka watoto skuli, dereva amefungulia kipindi cha mambo ya chumbani, mafumbo matupu, na watoto wanauliza maana. Nilipiga simu kituoni wakacheka. Pa kulalamika ni wapi? Mama wa watoto wanne, Mwanakwerekwe.*

Dada yetu, kwanza jua kila chombo kina mlango wake. Redio na televisheni zenye leseni ya Zanzibar ziko chini ya Tume ya Utangazaji Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria Nam. 7 ya 1997. Wengi hukimbilia TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Hiyo inasimamia mawasiliano ya simu na mtandao pande zote mbili za Muungano, lakini utangazaji wa hapa una Tume yake. Filamu, maigizo na nyimbo ni kazi ya BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Gazeti likikukosea, anza na mhariri, kisha Baraza la Habari Tanzania, chombo cha hiari cha wanahabari kilichoanzishwa 1995, ambacho husikiliza pande mbili na kusuluhisha bila gharama za mahakamani.

Malalamiko mengi hufa kwa sababu ya namna yalivyoandikwa. Mtu anaandika "redio fulani inatukana, tunaomba hatua kali zichukuliwe". Hapo Tume haina cha kusikiliza. Andika tarehe, jina la kituo na masafa yake, jina la kipindi, jina la mtangazaji, na maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, hata kama mkono unaona haya kuyaandika. "Alitumia lugha chafu" ni hukumu yako. Wao wanahitaji ushahidi ili watoe ya kwao.

Saa uitaje kwa ukamilifu: "saa 1:20 asubuhi". Hili linaonekana dogo, kumbe ndipo kesi inapopotea. Kompyuta za studio huhifadhi rekodi kwa saa za Kizungu, hiyo saa 1:20 yako kwao ni 07:20. Ukiandika "1:20" peke yake, mtu atafungua faili la usiku wa manane, atakuta muziki mtupu, na barua yako itafungwa kwa kukosa ushahidi. Ukiweza, rekodi kwa simu japo nusu dakika. Klipu isikatwe wala kuunganishwa. Mwanzo wa sentensi ukikosekana kituo kitasema maneno yamenyofolewa.

Kisha peleka barua kwa meneja wa kituo, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mpe siku chache za kujibu, asipojibu nenda Tume na nakala hiyo. Usikae mwezi mzima ukiipima hasira yako, maana rekodi za studio hufutwa ili kupisha nyingine. Muda wa kuzitunza umo kwenye masharti ya leseni. Mwisho sema unataka nini. Kuombwa radhi hewani? Kipindi kihamishwe? Kwa kadhia yako sisi tungeomba kihamishwe. Mazungumzo ya unyumba yana faida kwa watu wazima, kosa ni saa. Uingereza maudhui ya watu wazima hayaruhusiwi kwenye televisheni kabla ya saa 3 usiku, na Kenya ni saa 4 usiku. Saa 1 asubuhi daladala imejaa sare za skuli, na hilo meneja yeyote analijua.

Simu za moja kwa moja bila mashine

*Redio yetu ni ya jamii, huku Pemba, na bajeti ni ndogo. Tunapokea simu hewani. Juzi mpigaji alimtaja mtu kwa jina akamwita mla rushwa. Tumeonywa. Tufanyeje bila kuacha simu, maana ndizo zinazopendwa? Mtayarishaji wa vipindi.*

Ndugu mtayarishaji, msiziache. Redio ya jamii isiyopokea simu imebaki spika tu. Kinachotakiwa ni kununua muda kati ya mdomo wa mpigaji na mnara.

Vituo vikubwa hutumia mashine au programu ya kuchelewesha matangazo kwa sekunde 7 hadi 10. Mtangazaji anasikia neno baya, anabonyeza kitufe, na sekunde zile zinatupwa kabla hazijafika hewani. Inafanya kazi vizuri ikiwa mnajua mahali inapokwama. Kwanza, ukishabonyeza mara moja akiba ya sekunde imekwisha. Mashine huijenga upya taratibu, na katika muda huo hamna kinga. Ndiyo maana baada ya kubonyeza hupigwa kibwagizo cha kituo au wimbo, na simu nyingine haichukuliwi hadi taa ionyeshe akiba imejaa. Wahuni wanaojua hili hupiga wawili wawili. Pili, mpigaji aliyewasha redio pembeni atajisikia mwenyewe sekunde kadhaa nyuma, atachanganyikiwa na kuanza "haloo, haloo". Aambiwe azime redio kabla hajaunganishwa. Tatu, mtangazaji asikilize sauti ya ndani ya mikisa, yaani mashine ya studio ya kuchanganya sauti, asisikilize redio ya hewani.

Kama hamna hata kompyuta ya ziada ya kuweka programu hiyo, kuna njia ya bure: simu isiingie studio moja kwa moja. Mtu wa pili akae chumba cha nje na simu ya kituo. Anachukua jina, mahali anapotoka na hoja yake kwa sentensi moja, anakata, kisha yeye ndiye anayempigia mwenye hoja. Hilo la kumpigia ndilo chujio lenyewe. Aliyepanga kutukana mara nyingi ametumia namba isiyo yake au hangoji. Mwenye hoja atangoja. Sauti zinazotumwa kwa WhatsApp zisikilizwe mpaka mwisho kabla ya kurushwa, si sekunde kumi za mwanzo. Dakika moja ya salamu na pongezi hufuatwa na tusi la sekunde tatu, na anayetuma anajua kwamba mtayarishaji ana haraka.

Na jina likishatoka? Hapa mkono utangulie mdomo. Shusha fada ya simu, yaani kitelezi cha sauti yake, hadi chini kwanza, ndipo useme. Watangazaji wengi hufanya kinyume: wanabishana na mpigaji huku simu iko wazi, na katika kubishana wanalirudia lile jina mara mbili tatu, "usimtaje mheshimiwa fulani". Sasa limesemwa na kituo. Kuweni na maneno yaliyoandikwa na kubandikwa mbele ya maikrofoni, mfano: "Hayo ni madai ambayo hatujayathibitisha, na anayehusika hayupo kujibu. Tunaendelea." Kisha mwandike kwenye daftari la zamu saa na tukio, mtengeni rekodi ya saa hiyo isifutwe, na mmpigie aliyetajwa siku hiyo hiyo kumpa nafasi ya kujibu. Tume ikiuliza, daftari hilo ndilo litakalowatetea.

Uso tuliuficha, kijiji kikamjua

*Niliandika habari ya mtoto aliyedhalilishwa. Sikutaja jina, uso tuliuziba. Siku ya pili familia ilinipigia ikilia kwamba kila mtu anajua ni nani. Nimekosea wapi? Mwandishi, Unguja.*

Mtoto hatambuliki kwa uso peke yake. Hesabu ulichokiacha ndani ya habari: jina la shehia, umri wa miaka 11, darasa, baba anauza samaki marikiti, mtuhumiwa ni mjomba wake. Kila kipande peke yake hakina neno. Viweke pamoja katika shehia yenye skuli moja, na wenye sifa zote hizo yawezekana ni mtoto mmoja tu. Tena akitajwa mtuhumiwa kwa jina na kuelezwa kuwa ni ndugu wa karibu, umekwisha kumtaja mtoto. Hapo ni lazima kuchagua: ama jina la mtuhumiwa bila kutaja udugu, ama udugu bila jina. Tena vyombo vyote vichague namna moja. Gazeti likichukua ya kwanza na redio ya pili, msomaji anaviunganisha mwenyewe, na wote wawili mtasema hamkumtaja.

Kanuni ya kazi: panda juu. Badala ya shehia taja wilaya au mkoa. Badala ya "miaka 11, darasa la tano" andika "mtoto wa skuli ya msingi". Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Nam. 6 ya 2011, inamhesabu mtoto kuwa ni yeyote aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo msichana wa miaka 17 naye ana haki hii, hata kama anakubali kupigwa picha. Idhini ya mzazi nayo haitoshi ikiwa mzazi hajaelewa kwamba habari itabaki mtandaoni mpaka mtoto atakapoolewa.

Kwa upande wa picha, uso uliotiwa ukungu mwepesi bado unaonyesha umbo la kichwa, na ukungu ukiteleza kwa fremu mbili tu wakati mtoto anageuka, mtu atasimamisha video hapo hapo. Bora usimpige uso kabisa. Mweke mgongo kwa kamera, au mbele ya dirisha lenye mwanga na uipime kamera kwa mwanga wa nje, ili yeye abaki kivuli. Angalia sare, nembo ya skuli, kanga ya mama aliyekaa kando, mlango wa nyumba wenye rangi yake. Sauti iliyokunjwa na kompyuta inaweza kunyooshwa. Mpe mtu mwingine asome maneno yale upya. Na picha ya simu hubeba ndani yake mahali ilipopigwa, kwa hiyo zima huduma ya mahali kwenye kamera kabla ya kwenda.

Dawa inayotibu kila kitu

*Baba yangu ana kisukari. Alisikia tangazo redioni la dawa ya miti inayomaliza sukari kwa siku 21, akaacha ya hospitali. Redio si ilipaswa kulikataa tangazo? Mtoto wake, Wete.*

Kabla ya redio, tuanze na baba. Kama anatumia insulini, asiikose hata siku moja. Kwa mwenye kisukari anayeitegemea insulini kabisa, kuiacha kunaweza kuleta hali ya hatari ndani ya siku chache tu: damu inakuwa na asidi, anatapika, anapumua kwa kina na kwa haraka, anapoteza fahamu. Dalili hizo si za kungojea asubuhi, mpelekeni hospitali. Anayetumia vidonge sukari yake hupanda polepole zaidi, na ndiyo maana wengi hudhani miti inafanya kazi.

Ndiyo, redio ilipaswa kuuliza. Kabla ya kupokea pesa ya tangazo, kituo kidai vitu viwili: usajili wa mganga au dawa katika Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kwa bidhaa iliyofungashwa, kibali cha Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Kisha kisome maneno ya tangazo. "Inatibu kabisa", "haina madhara", "acha dawa za hospitali", orodha ya maradhi kumi kwa chupa moja: tangazo lenye hata moja ya hayo lirudishwe, hata kama mganga ana karatasi zote. Ya nguvu za kiume nayo yana hatari ya peke yake. Katika nchi nyingi maabara zimekuta dawa za "miti" zilizochanganywa kisiri na sildenafil, dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, na mtu anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti akiinywa, presha yake inaweza kushuka ghafla na kumuua.

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kutoka kwa Mchungaji Ambilikile Masapila. Vyombo vya habari vilipiga picha foleni ya magari kila siku. Walioacha vidonge vyao baada ya kurudi, na waliofia njiani, walipata nafasi ndogo sana kulinganisha na foleni. Kosa lile halikuwa la mganga peke yake. Foleni inaonyesha matumaini ya watu, haionyeshi kwamba dawa inatibu, na mhariri alipaswa kulijua hilo.

Kwa nini tangazo la biashara lina sauti kubwa kuliko kipindi?

*Nashtuka usingizini. Msomaji, Makunduchi.*

Kilele cha sauti ni kile kile. Ila kwenye tangazo sehemu zote za chini zimepandishwa zikalingana na za juu, sikio likasikia ukelele usiopumua. Marekani ilitunga sheria dhidi ya hilo 2010, na watangazaji wa Ulaya wana kipimo cha pamoja tangu mwaka huo huo. Fundi wa kituo anaweza kulirekebisha kwa programu kabla ya kulipanga. Mwandikie.

"Nimefowadi tu"

*Nilipokea kwenye kundi ujumbe kwamba boti ya kwenda Pemba imezama, nikausambaza kwa nia njema. Ukawa uongo. Naweza kushitakiwa? Kijana, Mkoani.*

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar. Kifungu cha 16 kinamgusa anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kudanganya umma, kukashifu au kutisha. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kujua na kukusudia ndivyo vinavyokutenga na mwongo mwenyewe. Lakini ukiambiwa ni uongo na ukauacha uendelee, hoja ya nia njema inapungua nguvu. Futa kwa wote, kisha andika kwenye makundi yale yale kwamba ulikosea.

Habari ya boti hapa kwetu haina utani. Watu waliopoteza jamaa kwenye MV Spice Islander I, 10 Septemba 2011, na MV Skagit, 18 Julai 2012, ujumbe huo wanausoma kwa mwili mzima, na wanaweza kukimbilia bandarini usiku. Kabla ya kusambaza, piga simu ofisi ya boti inayotajwa au bandarini. Picha itafute kwa Google Lens uone ilianza kuonekana lini. Ya meli iliyopinduka nchi nyingine miaka mingi nyuma itajitoa yenyewe. Ujumbe usiotaja jina la boti wala saa ya kuondoka haustahili kidole chako. Na ukitumiwa zile za "tuma pesa kwenye namba hii", utume ujumbe wenyewe pamoja na namba ya tapeli kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Mtoto na king'amuzi

*Nafanya kazi zamu ya usiku, watoto wanabaki na bibi yao na rimoti. Mama, Fuoni.*

Ving'amuzi vingi vina kufuli la namba ya siri kwenye mipangilio, la kufunga chaneli au vipindi kwa umri. Kufuli likishawekwa, badilisha namba iliyokuja na kiwanda, maana ya kiwandani huwa ni tarakimu rahisi kama sifuri nne na watoto wanaijua kabla yako. Funga chaneli za filamu za usiku, usifunge zote, la sivyo bibi atakosa taarifa ya habari na atamwomba mjukuu aifungue.

Simu ina shida zaidi ya televisheni. Kwenye YouTube washa kichujio cha maudhui na uzime video inayojicheza yenyewe. Katuni ya kwanza huwa salama, ya sita hujui imetoka wapi. Kichujio hicho ni cha simu hiyo tu, ya bibi nayo iwekewe. Na WhatsApp ya bibi huingiza picha za makundi moja kwa moja kwenye albamu ya simu, ambamo mtoto ndimo anamochezea. Ingia mipangilio, sehemu ya gumzo, uzime kuonyesha picha na video kwenye albamu. Kisha zifute zilizokwisha kuingia, kwa kuwa mpangilio mpya hauzigusi za nyuma.